Msituuzie kipimo cha damu ambacho bado hakijaiva

Mhariri,

Ile habari yenu ya kipimo cha damu cha endometriosi, ule ugonjwa wa nyama inayofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko, bado iko kwa meza yangu ya cherehani hapa Bombo, Uganda, nimeizungushia kalamu nyekundu mpaka karatasi imetoboka. Mimi si mtu wa kuandikia magazeti, mara ya mwisho watoto wangu walikuwa bado praimari, lakini hii nimeshindwa kuiacha. Mmeandika kwa herufi kubwa kwamba ugonjwa sasa utajulikana mapema kwa kuchukua damu kidogo tu. Utajulikana wapi? Nani anapima? Nimesoma mara tatu, hakuna mahali mmesema hicho kipimo bado kiko kwa utafiti.

Wanachotafuta hao watafiti ni metaboliti, vile vitu vidogo vidogo vinavyopatikana kwa damu mwili ukishachambua chakula na kutengeneza nguvu, asidi amino, aina aina za mafuta, laktati. Wanatumaini kwamba hiyo nyama, ikiota nje ya mfuko, itaacha alama yake humo hata ikiwa bado ndogo. Ni kazi nzuri na naomba Mungu waifikishe. Lakini damu ya mtu aliyefunga Ramadhani si sawa na ya mtu aliyekula chapati asubuhi, vidonge vya uzazi wa mpango vinaibadilisha, na hata siku za mwezi wa mwanamke zina mambo yake, kwa hiyo alama zilizopatikana kwa utafiti mmoja mara nyingi hazionekani kwa mwingine. Ndo maana ESHRE, chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, kwenye mwongozo wao wa 2022 waliwaambia madaktari wasitumie alama za damu kuamua kama mtu ana endometriosi. Hata mstari mmoja wa hilo hamkuweka.

Sasa nieleze kwa nini imenichoma. Binti yangu wa kwanza alianza maumivu akiwa na miaka 13, maumivu ya kutapika na kulala sakafuni, na matroni wa bodingi akawa anasema huyu anakwepa mitihani. Tukazunguka kliniki, hapa wanasema malaria, pale wanasema ni mkojo, kule wanasema taifodi, nanunua dawa, mwezi ukirudi na maumivu yamerudi. Alipofika miaka 17 musawo mmoja, yaani daktari, akamuuliza mbele yangu amelala na wanaume wangapi, mtoto akasema hakuna, yeye akaandika tu maambukizi ya nyonga, wanayoyaita PID, yale ya viungo vya uzazi ambayo mara nyingi huletwa na ngono, na kutupa antibayotiki za siku 14, na binti yangu akalia ndani ya takisi mpaka tunashuka Bombo. Kumbe daktari Donald Chatman wa Chicago alishaandika tangu 1976 kwamba wanawake weusi wengi wenye endometriosi walikuwa wanaambiwa ni maambukizi ya nyonga! 1976, Mhariri, mimi mwenyewe nilikuwa mtoto. Halafu akiwa na miaka 20 tukaenda kliniki ya kulipia Kampala, wakatuambia kuna kipimo cha damu kinaitwa CA-125 kitamaliza maneno, laki moja na elfu ishirini, nikauza mbuzi. Majibu yakatoka chini ya 35, mpaka wanaouhesabu kuwa wa kawaida, wakasema yuko sawa, hana kitu, ni mawazo, aolewe azae itaisha yenyewe. Hakuna aliyetuambia kwamba hiyo CA-125 inapanda zaidi ugonjwa ukishakuwa mkubwa, na mwanzoni mara nyingi inakuwa kawaida tu. Binti yangu akaanza kujiona muongo. Aliniambia mama labda kweli ni kichwa changu. Miaka miwili akanyamaza, anameza Panadol na kufunga tumbo kwa leso aende kufundisha, mpaka tukapata daktari mmoja mama mtu mzima ambaye aliweka kalamu chini akamuuliza pole pole, yanaanza siku gani, ukienda choo kubwa unaumia, mgongo je, na ndiye aliyempeleka kuangaliwa kwa kamera kupitia kitovu. Ilikuwepo. Hatua ya pili. Na msidhani hatua ya pili ni maumivu madogo, hizo hatua zinahesabu nyama imeenea kiasi gani, maumivu yana hesabu yake.

Miaka tisa. Na kipimo cha damu ndicho kilichotupotezea miwili ya mwisho.

Na hii tabia haiko kwa endometriosi peke yake. Tazameni Widal, kipimo cha taifodi cha tangu 1896, mtu akiwa na malaria au aliwahi kuugua zamani kinaweza kusema ana taifodi, lakini ingia kliniki yoyote ya barabarani na homa yako uone kama utatoka bila taifodi. Kwa mtaa wetu kuna jirani ametibiwa taifodi mara nne mwaka mmoja, anachomwa sindano mpaka anachechemea. Kipimo kikishakuwa na bei kinapendwa na mwenye kliniki kuliko mgonjwa. Sasa nyinyi mkiandika damu inaonyesha endometriosi, wallahi kabla mwaka haujaisha kutakuwa na bango Wandegeya pale Kampala linauza hiyo kitu, na mama mwingine atauza mbuzi.

Shirika la Afya Duniani linasema wanawake na wasichana karibu milioni 190 wanaishi na ugonjwa huu, mmoja kati ya kumi wa umri wa kuzaa. Hapa kwetu hao ni wengi sana na hawana mahali pa kusemea.

Naomba mambo mawili. Kwanza, kila mkiandika habari ya kipimo kipya wekeni kisanduku pembeni: kimejaribiwa kwa wanawake wangapi na wa nchi gani, kinagundua hatua ya kwanza na ya pili au zile kubwa tu, kiko Uganda au hakiko, na ni shilingi ngapi. Pili, chapisheni maswali yale ya yule daktari. Kila nesi wa kituo cha afya namba tatu awe nayo kwa ukuta, na kila msichana anayelia na tumbo apewe daftari la kurasa 48 aandike siku, maumivu, na alichoshindwa kufanya siku hiyo, miezi mitatu, halafu daftari lisomwe kabla ya mtu kutaja PID. Binti yangu ameshayaandika hayo maswali kwa Kiswahili na Kiganda, ukurasa mmoja tu. Jumatano nashuka Kampala kuchukua vitambaa vya yunifomu, nitapita ofisini kwenu kuwaachia.

Mama wa watoto wanne, fundi cherehani,
Bombo