Wanaonunua mechi nao washikwe

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee kuhusu hii mambo ya kuuza mechi, maana huku kwetu kuanzia Kisumu mpaka Kakamega mpira ni damu, na kila mara tunasikia tu ati mchezaji fulani amesimamishwa, mwingine amefungiwa, halafu kimya.

2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliokuwa Kakamega Homeboyz, mmoja maisha na hao wengine watatu miaka 4 kila mmoja. Mwaka uliofuata klabu ya Zoo ya Kericho ikatolewa ligi kuu, timu nzima, hata wale vijana ambao hawakuuza kitu wakaumia pamoja na waliouza. Sawa, mimi simtetei mtu aliyekula pesa ndio aachilie goli. Lakini mchezaji hajinunui. Kuna mtu alipiga simu, kuna mtu alituma hizo pesa, na huyo ni nadra sana kuona akipandishwa kizimbani hapa Kenya.

Watu wengi hudhani kuuza mechi lazima timu yote ikubali. Wapi! Siku hizi watu wanabet mechi ikiendelea, wanabet magoli yatakuwa mangapi, nani atafunga kipindi cha pili, kwa hivyo kipa na beki mmoja wanatosha kabisa kuharibu mechi, na mwenye kubet anaweza kuwa amekaa Asia huko hata hajui uwanja wa Bukhungu uko wapi. FIFA mkono wake unaishia kwa watu wa mpira, yaani wachezaji, makocha, marefa na viongozi. Kumshika mtu na kumfunga jela ni kazi ya polisi na korti.

Angalieni Finland. Wilson Raj Perumal wa Singapore alishikwa huko 2011 akinunua wachezaji na mwaka huo huo korti ikamfunga. Na ni huyo huyo ambaye FIFA ilisema alikuwa akiwasiliana na beki wetu wa timu ya taifa, Harambee Stars, George Owino, miaka ya 2009 mpaka 2011. Adhabu ya Owino, miaka 10 nje ya mpira, ilitoka 2019. Finland walimshika mnunuzi, sisi tukangoja miaka nane FIFA ituonyeshe muuzaji!

Halafu mishahara, na hapa ndipo roho inaniuma sana. SportPesa, kampuni ya kubet, ilipojitoa 2019 ligi ilibaki bila mdhamini na vijana wakacheza miezi na miezi bila kulipwa, mtu ana mtoto, landlord anabisha mlango, mazoezini anaenda na mguu, halafu jioni anapigiwa simu na mtu mwenye pesa ya miezi mitatu mkononi, cash. Atakataa mara ya kwanza, pengine na ya pili. Klabu ambayo haijalipa wachezaji isikubaliwe kusajili mwingine hata mmoja, FKF, shirikisho letu la mpira, iweke hiyo sheria na iisimamie bila kuangalia ni klabu ya nani.

Na DCI, wapelelezi wa polisi, wafuate hizo simu na hizo pesa mpaka zilikotoka. Wakimpata mnunuzi wamtaje kwa redio na magazeti, jina lote, vile majina ya hao vijana yalitajwa mpaka wazazi wao wakasikia kijijini.

Shabiki wa mpira,
Kondele, Kisumu