Risala ya Kamati ya Shule kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Darasa la Saba

Ndugu Mgeni Rasmi, karibu sana. Kutufikia kwa barabara ile ni heshima kubwa kwetu.

Shule yetu ilianza na madarasa mawili. Leo yapo tisa. Mafanikio ni mengi: madirisha manne yamewekwa nyavu, na timu ya netiboli imetikisa kata nzima. Tunamshukuru Mungu.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa ruhusa yako, tuingie kwenye suala la maji.

Kisima chetu ni kifupi, kimechimbwa kwenye mchanga, na dampo liko upande wa juu. Mvua ikinyesha, maji hupita kwenye betri, makopo ya rangi na kila kilichooza, kisha huzama ardhini. Mwaka 1988 wenzetu wa Tabata, Dar es Salaam, walikwenda Mahakama Kuu kulikataa dampo, wakapewa haki. Wao moshi na harufu vilionekana wazi. Ya kwetu yako chini ya ardhi. Tunachokiona ni ndoo ikilala, asubuhi ina utando wa rangi ya kutu, na chai inayogeuka nyeusi hata majani yakiwa kidogo.

Tunaambiwa tuchemshe. Tunachemsha, na vimelea vya kipindupindu vinakufa. Lakini madini ya risasi hayaondoki kwa moto, wala naitreti, ile chumvi itokanayo na vitu vilivyooza. Maji yakipungua sufuriani, hivyo viwili vinabaki. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Naitreti ikizidi huzuia damu ya mtoto mchanga kubeba hewa, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Na hapa wapo mama wanaokorogea maziwa ya kopo maji haya haya.

Mwaka juzi mgeni rasmi, akiwa ameketi hapo ulipoketi, alituahidi bomba ndani ya miezi mitatu. Wazazi tulichimba mtaro kwa majembe yetu. Umeshajaa mchanga, na watoto wanauruka wakienda chooni. Mwaka jana mwingine aliondoka na chupa mbili za sampuli. Tulipiga makofi sana. Majibu tunayangoja mpaka leo.

Kwa heshima zote, tunaomba bomba la mita 600 na simtanki la lita 5,000. Kabla ya hayo, kisima kipimwe maabara, metali nzito kama risasi zikiwemo, si vijidudu pekee, na majibu tuletewe kwa maandishi, yawe mazuri au mabaya.

Daftari la kamati liko mezani mbele yako. Tunakuomba, kabla ya kugawa vyeti, utuandikie tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.