Mdogo wangu fundi friji, huku tunakosa barafu

Mdogo wangu,

Asalaam aleikum. Ile sauti uliyonitumia baada ya Idi nimeisikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa peke yangu chini ya mbuyu wa dikoni, tunakoshushia samaki, pale mtandao unaposhika. Umesema Songo Mnara hakuna maisha, mama ahamie kwako Mbagala, na minazi ya marehemu baba tuiuze kabla haijazeeka kabisa. Nakujibu hadharani kwa sababu hukuanza wewe. Vijana wengi wa visiwa hivi vya Kilwa wanaambizana hayo hayo, na sisi tuliobaki tunanyamaza mpaka tunaonekana tumekubali.

Nianze na lile ambalo sina ubishi nalo. Mwezi wa saba, kusi limekaza, mke wa jirani yetu alishikwa na uchungu saa sita usiku na maji yamekupwa. Unajua boti haisogei ufukweni maji yakiwa nje. Tulimbeba kwenye kitanda cha kamba tukapita kati ya mikoko, matope hadi magotini, simu nimeing'ata mdomoni ili watu waone pa kukanyaga. Tulipomfikisha kwenye boti ilibidi tungoje tena, kwa sababu nahodha hakutaka kupita penye fungu la mchanga gizani. Mtoto alizaliwa kabla hatujaziona taa za mji wa Kilwa Masoko. Wote wazima, alhamdulillahi. Lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka jua linachomoza, na mtu akiniambia hawezi kulea familia mahali kama hapa, simlaumu.

Ila wewe hukusema kwamba maisha ni magumu. Ulisema hakuna maisha, na hapo ndipo nakukatalia.

Bamvua lililopita, maji yanapokupwa mbali na mwamba kubaki wazi, nilitoka alfajiri na shangazi, kila mmoja na nondo yake. Sijui kama bado unakumbuka alivyotufundisha: usitafute pweza, tafuta takataka zake. Ukikuta maganda ya kaa na kome yamerundikana mlangoni mwa tundu, mwenyewe yumo ndani amejikunyata, rangi moja na jiwe. Niliyemchokoa mwisho alinizonga mkono mpaka kiwiko, na alama zake zilikaa siku mbili. Nilirudi na wanne, mkubwa wao kilo tatu na robo. Tulikuwa wanawake kumi na tisa siku ile, na hakuna aliyerudi mikono mitupu.

Saa nne asubuhi bei tuliyoambiwa kwa simu ilikuwa 7,000 kwa kilo. Boti ya mnunuzi ikachelewa. Tuliwafunika pweza kwa magunia yaliyoloweshwa, tukawahamisha kivulini, kivuli nacho kikahama. Saa tisa alasiri akafika na mzani wake, akainua mmoja, akamnusa, akasema 4,000, na asiyetaka abaki na mali yake. Nani angebaki na pweza aliyeanza kulainika? Tukapima wote. Bahari haikutunyima kitu siku ile, mdogo wangu. Tulikosa barafu tu.

Nimelifikiria jambo hili kuliko unavyodhani. Tunazungumza kijijini kuhusu kufunga mwamba, yaani kutovua pweza miezi mitatu, kama walivyofanya wenzetu wa kisiwa cha Songo Songo, ili wakue. Ni jambo jema. Sheria yenyewe inakataza kuvua pweza aliye chini ya nusu kilo, na pweza hukua upesi sana akiachwa. Lakini piga picha siku ya kufungua: kijiji kizima mwambani, mamia ya kilo yanashuka dikoni kwa asubuhi moja, na mnunuzi ni yule yule mmoja. Tutakuwa tumesubiri miezi mitatu ili kumnenepeshea yeye. Barafu ikiwapo, tunaweza kumwambia aende zake, tumuite mwingine kesho.

Na wewe kazi yako ni kutengeneza friji! Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inapita bombani kilomita 232 mpaka Ubungo. Sehemu ya umeme unaopoza friji za wateja wako inatoka chini ya maji haya haya. Silalamiki, nchi ni moja. Nataka tu ujue kwamba hicho unachokifanya kwa mikono yako kila siku ndicho kinachopungua hapa nyumbani.

Ulitaja watalii. Mimi tumaini langu kubwa sikuliweka huko. Magofu yetu na yale ya Kilwa Kisiwani yako kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, na mwaka 2014 yalitolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini baada ya miaka kumi. Najivunia kila jiwe. Waliojenga yale majumba waliishi kwenye kisiwa hiki hiki, wakapita kwenye mikoko hii hii. Lakini mgeni anashuka, anazunguka saa mbili, anapiga picha, anapanda boti. Pweza tunao kila bamvua, mwaka mzima.

Kuna jambo moja linanipa haraka. Septemba 2023 Rais Samia aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Bandari kama ile inakuja na vyumba vya ubaridi na wanunuzi wakubwa. Wenye mzigo uliohifadhiwa vizuri ndio watakaokaa nao mezani, na sisi tukifika na pweza wa magunia tutaambiwa bei kama kawaida. Wala soko la Dar peke yake halitoshi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar pale Somanga, malori yalikwama na simu za wanunuzi zikanyamaza. Wiki ile tulikula pweza asubuhi na jioni, na wengine tuliwatupa.

Basi ninachokuomba ni hiki. Kikundi chetu cha hisa kina akiba ya shilingi milioni moja na laki nane. Kuna mtu wa Masoko anatuuzia jokofu la sola, lakini hatujui kama ni zima, halafu paneli anasema mbili zinatosha, na mimi simwamini. Usitume hela. Njoo siku kumi. Likague, utuambie paneli ngapi na betri gani, kisha umfundishe mpwa wako namna ya kulitunza. Amemaliza kidato cha nne, ana akili na hachoki kuuliza. Nataka mwakani aombe chuo cha uvuvi pale Mikindani.

Kuhusu mama, nilimweleza habari ya Mbagala kama ulivyotaka. Aliendelea kukuna nazi yake mpaka ikaisha. Kisha akauliza nani atamwagilia miche yake ya minazi. Ipo kumi na minne, ameipanda mwaka jana nyuma ya ile ya baba. Nadhani hukuwa na habari.

Bamvua linakuja mwezi ukiandama. Ukipanda basi la alfajiri hapo Rangi Tatu, mchana uko Masoko. Nahodha anatoka maji yakijaa, hangoji mtu, kwa hiyo nipigie kabla hujapanda nimwambie. Njoo na geji yako ya gesi na ile mashine ndogo ya kuchomelea, huku hakuna pa kuazima.

Dada yako