Mwanangu, uliza hata wakikucheka

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Njombe hatujambo, ila simu yako ya Jumapili imenikosesha usingizi. Ulisimulia kwa kicheko jinsi muuguzi mkuu wa wodi yenu huko Dublin alivyotazama kidonda ulichokifunga akasema "deadly", yaani cha kuua, nawe ukanyong'onyea mpaka jioni, kumbe alikuwa akikusifu. Baba yako alicheka sana, akasema ni sawa na vijana wa hapa wanapomwita mtu "hatari" kwa sababu anajua kazi. Mimi sikucheka, kwa kuwa ulikaa zamu nzima na neno usilolielewa bila kumwuliza mtu.

Sasa ninachohofia ni kwamba utalizoea kuwa neno tamu. Katika duka letu la pembejeo, lebo ya kiuatilifu ikiandikwa "harmful if swallowed", dawa inadhuru ikimezwa. "Toxic" ni sumu zaidi ya hiyo. Na "fatal" huwekwa pale ambapo miligramu 50 au pungufu kwa kila kilo ya mwili zinatosha kuua nusu ya wanyama wa majaribio. Kipimo hicho chenyewe wanakiita "lethal dose", maana "lethal" hutaja uwezo wa kuua, hata kama hakuna aliyekufa. Ajali ikiitwa "fatal", ujue mtu amekwisha kufa. Kwa hiyo ukisikia wodini kwamba dozi fulani ni "lethal", huenda bado upo muda wa kukimbia, na muda huo usiupoteze kwa kuona haya. Uliza.

Haya hizo umezirithi kwangu. Mkulima mmoja aliwahi kuniuliza chupa yenye utepe mwekundu imeandikwa nini, nami, kwa kuwa duka lilikuwa limejaa watu na neno lenyewe sikulijua, nikamjibu kwamba dawa ni kali kidogo. Alirudi mzima baada ya wiki mbili kununua nyingine, lakini mpaka leo nikimwona gulioni hupita njia ya pili.

Najivunia kwamba wamekusifu, ingawa hilo nalo ulipaswa kunipigia siku ileile. Maparachichi yamekomaa na mdogo wako anadai viatu vya shule. Usitume fedha, nunua kwanza koti. Kesho mwulize yule muuguzi, dawa ya kuua kweli huwa anaiitaje, kisha unijulishe alivyojibu.

Mama yako