Kuhusu "a", "an" na zoezi la wiki hii

Ndugu wanakikundi,

Nimesoma aya zote mlizotuma, na kosa lililojirudia kuliko mengine ni la "a" na "an" za Kiingereza, jambo lisilonishangaza, kwa kuwa Kiswahili hakina vibainishi vya aina hiyo na masikio yetu hayajazoea kuvitafuta. Wengi tulifundishwa kwamba "an" hutangulia irabu. Kanuni hiyo ina kasoro, kwa sababu kinachoamua ni sauti inayotamkwa, si herufi iliyoandikwa. Ndiyo maana huandikwa "an hour", ambapo h haitamkwi, lakini "a university", kwa kuwa neno hilo huanza kwa sauti ya y kama katika "yule". Mpaka kati ya kibainishi na neno linalokifuata uliwahi kuwachanganya hata Waingereza wenyewe: zamani "apron" lilikuwa "napron", watu wakasikia "a napron" kama "an apron", na kosa likageuka kuwa usahihi.

Kuhusu "he" na "she", ambayo kwetu yote ni "yeye" na hivyo ni rahisi kuyachanganya, someni tena kazi zenu kabla ya kuzituma.

Kwa zoezi la wiki hii, naomba kila mmoja aandike aya fupi, aisome kwa sauti, kisha apigie mstari kila nomino inayohesabika iliyo katika umoja na kuhakikisha haikuachwa peke yake bila kibainishi au neno kama "my" au "this". Maneno "information" na "advice" hayahesabiki, kwa hiyo hayapokei "a" wala "an", wala s ya wingi.