Kabla hujapanda basi kuja Mbeya

Kamwene mwanangu, au nikusalimie kihuku, ugonile? Mimi mzima, mvua tu ndo inatunyoosha, tangu Jumatatu nguo zangu hazijakauka. Meseji yako niliiona ila nikasema hii siijibu kwa mistari miwili nikiwa nimening'inia kwenye daladala, ngoja nitulie geto nikuandikie barua kabisa.

Umeuliza eti kazi ya helpdeski, hii ya kupokea simu za watu kompyuta zikiwasumbua, inataka ujue koding kiasi gani. Aisee, huu mwezi wa nne niko kazini na sijaandika hata mstari mmoja wa kodi. Kinachonitoa jasho ni simu. Mtu anapiga anakwambia "kompyuta yangu imekufa", basi ukilibeba hilo neno kama lilivyo umekwisha, maana imekufa ya kwake inaweza kuwa pasiwedi imekataa, inaweza kuwa intaneti hamna, au Excel imeganda tu. Mwanzoni nilikuwa natibu kabla sijauliza, na ndo nikaumbuka Tukuyu.

Tawi letu la kule printa ilikuwa inakwamisha karatasi kila siku. Nikamwambia mama wa masijala azime awashe, nikamwekea draiva upya nikiwa hukuhuku Mbeya, wapi! Tiketi, yaani ile ripoti ya tatizo inayofunguliwa kwetu, ikarudi mara tatu. Ya nne bosi akanipandisha Hiace na rola mpya kwenye begi, nikafika nikaifunga, karatasi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu kraaa. Nikakaa chini nimechoka, na nilipokaa chini ndo nikaona rimu zimepangwa sakafuni chini ya dirisha, zimeshafunguliwa, na mvua ya Tukuyu unaijua haina adabu. Kushika karatasi moja, imelegea kama chapati ya jana, pembe zimejikunja. Kumbe karatasi ikinyonya unyevu inashikana na mwenzake, rola inavuta mbili kwa mpigo. Nikamuuliza, "Samahani mama, hizi karatasi huwa zinakaa hapa?" Akasema, "Eeh mwanangu, tangu watuhamishie kabati mwezi wa pili." Na tiketi ya kwanza ilifunguliwa mwezi huohuo wa pili! Tukachana rimu mpya, printa ikatoa kurasa hamsini bila kukohoa. Yaani swali la bure kabisa, "kabla hii shida haijaanza ni nini kilibadilika?", ningeliuliza kwenye simu ofisi isingelipa nauli. Sasa hivi nimeliandika kwa maka peni nikalibandika juu ya monita.

Mambo ya kiufundi yapo ila yanajifunzika. Mtu akisema intaneti hamna, mwambie afungue ile sikrini nyeusi aandike ipconfig akusomee namba ya anwani ya kompyuta yake. Ikianza na 169.254 achana na brauza, kompyuta imeomba anwani ikakosa wa kuipa ikajipa yenyewe, kaangalie waya au DHCP, ile huduma inayogawa anwani kwenye mtandao. Namba ikiwa nzuri mwambie apingi 8.8.8.8, yaani aibishie hodi seva ya Google, ikijibu halafu kurasa bado hazifunguki, hapo shuku DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Kuna mzee wa uhasibu nimemfundisha hiyo, siku hizi ananipigia, "kijana, leo ni mia sitini na tisa tena". Nampenda sana yule mzee.

Ukishindwa unapandisha tiketi kwa ngazi ya pili, wale mafundi waliobobea zaidi, ila ukiandika "printa mbovu" tu wanakurudishia kwa dharau, andika ulichojaribu na kilichotokea.

Kuhusu A+, kile cheti cha CompTIA cha ufundi wa kompyuta wa kuanzia, usikimbilie kulipia. Ni mitihani miwili, kila mmoja dakika 90, maswali hayazidi 90, na kila mmoja unalipiwa dola zake, halafu cheti kinaisha baada ya miaka 3 usipokihuisha. Mada zake zisome, cheti kitakuja mshahara ukikaa vizuri. Mimi kwenye usaili bosi hata hakuniuliza vyeti, alinipa laptop isiyoshika waifai, akajifanya ndo mwenye nayo asiyejua kitu, akawa anasikiliza naulizaje.

Sasa sikia, bosi anatafuta mtu wa zamu ya jioni. Tuma CV kabla ya Ijumaa, na ukiitwa shukia Uyole nitakupokea. Ulete ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ila mfuniko wa dumu usiukaze, usije ukatulipukia kama ile siku ndani ya basi pale Makambako tukaishia kumfuta yule mzee viatu.

Wako,
wa Mwanjelwa