Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wetu, wanachama wenzangu,

Mkutano uliopita ulituagiza tukusanye historia ya Special Branch, idara ya polisi iliyofuatilia siasa za Wakenya. Wengi wetu tulidhani kazi ni kuwahoji waliokamatwa kwenye msako wa Mwakenya, chama cha siri kilichopinga serikali ya Moi, kuanzia 1986. Kumbe huko ni kudaka hadithi katikati.

Idara hii ni ya wakoloni. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ilipanuliwa ili kuwaandama Mau Mau. Uhuru ulipofika 1963 haikuvunjwa. Ilitolewa tu chini ya polisi wa kawaida, na James Kanyotu akaishika kuanzia 1965 hadi 1991, enzi za marais wawili. Sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi nayo ikapitishwa upya mwaka wa 1966. Ndiyo maana nasema mzee aliyefungiwa Manyani, kambi ya wakoloni ya kuwazuilia Mau Mau, na kijana aliyeteremshwa vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi, ni watu wa historia moja, na lazima tuwarekodi pamoja.

Huko Nyayo House watu walivuliwa nguo, wakapigwa, wakaachwa siku kadhaa ndani ya maji, bila chakula. Peter Njenga Karanja alikufa 1987 baada ya kupitia mikononi mwa wahoji hao. Wakili Gibson Kamau Kuria alipojitayarisha kuishtaki serikali kwa niaba ya walioteswa, naye akatiwa kizuizini mwaka huohuo. Tafadhali wafundisheni vijana wenu majina haya mawili.

Jina la idara lilibadilishwa 1986. Sheria ya 1998 ndiyo iliyoleta shirika jipya la ujasusi lisilo na mamlaka ya kumkamata mtu. Vyumba vile vilifunguliwa wananchi waone mwaka wa 2003, na 2010 Mahakama Kuu ikawapa fidia baadhi ya walioteswa humo.

Wazee wawili tuliopanga kuwahoji walifariki kabla hatujawafikia. Limeniuma sana, na lawama nazibeba mimi, kwa kuwa tulianza na walio karibu na mjini badala ya walio wakongwe.

Mwaka huu tunaanza na wa miaka ya 1950. Mwenye mzazi, nyanya au jirani aliyewahi kuzuiliwa, ampe katibu jina lake leo kabla hatujatoka ukumbini. Mweka hazina sasa atawasomea hesabu.